Uzi maalumu wa tunaopenda kutembelea makaburi ya zamani na familia zetu (Arusha na Moshi)

Mama Nai wa Usa

Wakuu, habari za jioni.

Najua wapo watakaoshtuka kuona kichwa cha uzi huu. Familia yangu inapenda kutembelea makaburi ya zamani. Sizungumzii yale ya kwetu nyumbani, hayo kila mtu anakwenda Desemba. Nazungumzia makaburi ya watu ambao hatuna undugu nao, waliokufa hata bibi yangu hajaolewa. Jumamosi wenzetu wakiwapeleka watoto kwenye mabembea na chipsi kuku, sisi tunafunga chapati, tunabeba maji na daftari, tunakwenda kusoma mawe. Baba Nai alianza kwa kunisindikiza tu, siku hizi ndiye anayeuliza wiki hii tunaelekea wapi.

Kwa wa upande wa Arusha, pa kuanzia ni Tengeru. Kutoka mjini ni kama kilomita 13 kwa barabara ya Moshi, kisha unaingia kampasi ya chuo cha mifugo, LITA. Getini unajieleza, unaelekezwa. Huko ndani, penye miti mikubwa, kuna eneo limezungushiwa ukuta, na humo wamelala Wapolandi karibu 150.

Wengi wetu tumepita Tengeru maisha yetu yote, tunanunua ndizi na maparachichi pale sokoni Jumatano na Jumamosi, na hatujui Wapolandi walifikaje. Ilikuwa hivi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwatoa maelfu kwa maelfu ya Wapolandi majumbani mwao, upande wa mashariki ya Poland, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za sulubu. Katikati ya 1941 Hitler akaivamia Urusi, ndipo Stalin akakubali kuwaachia. Mwaka 1942 wakavuka kuingia Irani. Wanaume wenye nguvu wakachukuliwa jeshini, wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa pa kukaa kwenye makoloni ya Waingereza. Takriban 18,000 wakaletwa Afrika Mashariki na Kusini. Uganda walikaa Masindi na Koja. Kwetu walikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro, na kambi kubwa kuliko zote Tanganyika ilikuwa hii ya Tengeru, watu karibu 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Walijengewa vibanda vya mviringo vya kuezeka kwa nyasi, wakawa na kanisa, shule, hospitali na shamba. Vita vilipokwisha hawakuwa na pa kurudi, maana vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa ndani ya mipaka ya Wasovieti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Waliokufa wakabaki Tengeru.

Sisi tukifika, kila mtoto anachagua jiwe moja. Anasoma jina taratibu, hata kama ulimi unagoma, anatafuta miaka na kutoa. Kwenye mawe ya Kipolandi herufi "ur." zinatangulia tarehe ya kuzaliwa, na "zm." tarehe ya kufa. Ukikuta "Ś.P." juu ya jina, ni kama sisi tunavyoandika "Marehemu". Kwenye mawe ya Kijerumani mara nyingi wamechonga nyota kwa kuzaliwa na msalaba mdogo kwa kufa. Ukiwapa watoto funguo hizo, wanasoma wenyewe bila kukusubiri. Wanaona pia kwamba si wote pale ni Wakatoliki. Ipo misalaba ya Kiorthodoksi na yapo mawe yenye nyota ya Daudi, ya Wayahudi. Wote walipita safari ile ile.

Mwanangu wa pili, ana miaka tisa, alichagua jiwe la mtoto. Akatoa miaka kwenye daftari, akarudia, akaniangalia. "Mama, huyu ni mdogo kwangu." Akataka kujua mama wa huyo mtoto yuko jiwe lipi. Tukazunguka wote, baba yake akisoma mstari wa juu, mimi wa chini, tukitafuta jina la ukoo linalofanana. Hakuna. Nikamwambia huenda kambi ilipofungwa mama huyo alipanda meli na wenzake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Alimwacha na nani?" Nikamwambia aliwaachia watu wa hapa. "Watu wa hapa si ndio sisi?" Nikamjibu ndiyo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Watoto wetu wanakutana na kifo kwenye msiba tu. Turubai limefungwa, spika zinalia, watu wazima wanaanguka, mtoto anaambiwa atoke aende akacheze na wenzake, na akiuliza swali anaambiwa nyamaza. Anakua akijua kifo ni kelele na hofu. Kwenye kaburi la zamani kilio kimeshakwisha. Unaweza kukaa na mtoto akauliza chochote: mtu akizikwa anakuwaje, kwa nini huyu kafa mdogo, wewe mama utakufa lini, nani atanilea. Mimi nimeulizwa yote hayo na nimejibu yote, kwa utulivu ambao nyumbani penye msiba nisingeupata. Naamini kabisa ni malezi, tena malezi makubwa.

Karibuni tubadilishane mawazo, na mwenye kujua sehemu nyingine asiwe mchoyo.

Kibo Baridi

Dada, uzi umeandikwa vizuri na historia ya Wapolandi sikuwa naijua. Lakini niseme la moyoni. Kwetu Uru mtoto mdogo haendi makaburini hovyo. Hata maziko ya ndugu, wadogo walikuwa wanaachwa nyumbani na mama mmoja wa kuwaangalia. Wazee hawakuwa wajinga. Na tunajua wapo watu wanaokwenda makaburini kuchukua udongo kwa mambo yao. Mtoto akiokota kitu pale akakileta nyumbani inakuwaje? Nauliza kwa nia njema.

Mama Nai wa Usa

Kibo Baridi, asante kwa kuuliza kistaarabu. Kwetu sheria ni moja: haliokotwi kitu. Jiwe, ua, kigae, hata jani zuri namna gani, linabaki pale pale. Tunakwenda mchana, tunaingia kwa kuomba ruhusa, tunasali kabla ya kuanza kusoma. Wanaochukua udongo wanapenda sehemu zilizotelekezwa zenye vichaka. Penye familia zinazoingia na kutoka, na mlinzi anayefahamiana na watu, hawana nafasi.

Kuhusu umri sikatai ulivyolelewa. Nai alianza kwenda akiwa darasa la pili, alipoanza kuuliza mwenyewe. Mdogo wetu wa mwisho anabebwa tu mgongoni, yeye hajui kama yuko makaburini au kwa shangazi.

Ustaadh wa Bondeni

Assalaamu alaykum wanajukwaa.

Nichangie upande wetu Waislamu. Ziyara ya makaburi ni jambo linalojulikana. Mtume (s.a.w.) mwanzoni alikataza, kisha akaruhusu, kwa sababu kuyazuru kunamkumbusha mtu Akhera. Kuhusu wanawake wanazuoni wana kauli tofauti, kila mtu amuulize sheikh wake. Ila adabu zenyewe hazina mjadala: unapoingia unawatolea salamu watu wa makaburini na kuwaombea dua, haukanyagwi mgongo wa kaburi, haliketiwi, hapapigwi kelele.

Mimi baba yangu alikuwa ananishika mkono tunakwenda, ananionyesha: huyu alinifundisha Juzuu Amma, huyu alikuwa fundi cherehani, yule alitoka Tanga na reli. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na ilileta watu wengi wa pwani waliokuja kufanya kazi wasirudi tena. Makaburi yetu mengi ni udongo na jiwe la kichwani tu, hayana maandishi. Kwa hiyo anayejua ni nani kalala wapi ni mzee, na mzee akiondoka orodha yote imeondoka. Ndiyo maana nakuunga mkono dada. Mtoto asipopelekwa akaonyeshwa kwa kidole, hatakuja kujua kamwe.

Dada wa Sakina

Mama Nai nimekupenda bure! Nina watoto wawili na baba yao yuko safarini muda wote, natafuta kitu cha kufanya nao ambacho hakiishii kwenye simu. Zaidi ya Tengeru kuna wapi? Na mnavaaje? Mnatoa kiingilio?

Mama Nai wa Usa

Dada wa Sakina, kuvaa ni kama unakwenda kanisani siku ya kazi: sketi au gauni, viatu vya kufunika maana kuna siafu na miiba, na kanga moja ya ziada ya kukalia. Mlinzi mkutane naye kwa heshima, mumpe cha chai, huyo ndiye anayejua kila jiwe.

Sehemu nyingine ninayoipenda ni Akeri, hapa hapa Meru. Pale wamezikwa wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896. Walitoka Machame wakaja kufungua kituo, wakapiga hema, usiku wakavamiwa na wapiganaji wa Meru na Arusha. Waliuawa wao pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Hapo watoto wangu walibishana kweli kweli. Nai alisema waliouawa walikuja kuhubiri tu, hawana kosa. Kaka yake akamwuliza: wewe ukiamka ukakuta watu wana mahema kwenye shamba la baba, na hapo nyuma yao kuna askari wa Kijerumani, utajuaje wapi ni wahubiri na wapi ni askari? Kweli nyuma yao alikuwepo Kapteni Johannes na jeshi lake, na adhabu iliyofuata Meru na Arusha ilikuwa kubwa sana: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wengi wakafa, na hao hakuna aliyewawekea jiwe. Mwaka 1902 wamisionari wa Leipzig wakarudi, wakaanza Nkoaranga. Leo wajukuu wa pande zote wanasali kanisa moja. Sikuwaambia watoto nani ana haki. Niliwaacha wabishane mpaka Usa.

Ukipata gari na nafasi, panda Monduli Juu kwenye kaburi la Sokoine. Watoto wa siku hizi wanalijua jina kwa ajili ya barabara na chuo kikuu, hawajui kwamba ni mtu aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari kule Dakawa akiwa Waziri Mkuu, na kwamba amelala kwao, kwenye baridi la Monduli. Na mkibahatika kwenda Ngorongoro, pale juu ukingoni kuna mnara wa mawe wa Michael Grzimek, aliyekufa Januari 1959 ndege yake ilipoanguka wakati yeye na baba yake wakihesabu wanyama wa Serengeti. Baba mtu, Bernhard, alikufa 1987 na akazikwa hapo hapo na mwanawe. Magari ya watalii yanasimama dakika tano yanaondoka. Ninyi msiwe na haraka.

Mzee wa Tsudunyi

Wanangu, nimesoma nikafurahi. Mimi ni mtu wa Old Moshi, nimestaafu, macho yanasumbua lakini kwa hili nitaandika mpaka mwisho.

Mnazungumzia makaburi yenye mawe. Nataka vijana wa Kichagga waliomo humu wajue kwamba kwetu kaburi halikuwa jiwe. Zamani mzee mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ikipita miaka, mifupa ilitolewa kwa utaratibu wake, na fuvu likawekwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, penye masale. Ndiyo maana sale haling'olewi ovyo. Ni mpaka wa shamba, ni jani la kuombea msamaha, na ni alama ya waliotutangulia. Mtu alipokuwa na neno zito alikwenda pale kunena na wazee wake. Misheni zilipokuja tukaanza kuzika kwa misalaba, lakini bado tunazika kihambani, kati ya migomba na kahawa, na kihamba chenye makaburi hakiuzwi kirahisi hata mjukuu awe na shida gani.

Sasa mkishaelewa hilo, fikirieni Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi. Wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani mwezi Juni 1892, kamanda wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa, tukashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa kwenye mti hapa kwetu, pamoja na wenzake, akiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Watu 19 siku moja. Kisha, kama tulivyosimuliwa na wazee wetu, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Kwa mtu wa taifa lingine hiyo ni dharau kwa maiti. Kwetu sisi ilikuwa zaidi ya hapo, kwa kuwa kichwa ndicho kilichotakiwa kubaki kihambani ili watoto wapate pa kunenea. Walichukua kile kile.

Mjukuu wake amezeeka akilitafuta fuvu hilo. Mwezi Septemba 2023 watu wa makumbusho Berlin walitangaza kwamba katika mafuvu zaidi ya 1,100 waliyoyachunguza, yaliyokusanywa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, matatu yamepata ndugu zao walio hai hapa Tanzania kwa vipimo vya vinasaba. Moja ni la Akida, aliyekuwa mshauri wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Mti upo na kumbukumbu yake ipo. Leteni watoto. Msije kama mnaokuja kupiga picha tu. Mpite kwanza kwa wenyeji, mkae, mpewe hadithi na mtu mzima, ndipo mwende penye mti.

Dada wa Sakina

Shikamoo mzee. Nimesoma kwa sauti, watoto wamesikiliza. Mkubwa anauliza hayo mafuvu mengine ni ya nani.

Mzee wa Tsudunyi

Marahaba mwanangu. Mwambie mengi ni ya watu wa Rwanda, na zaidi ya 200 ni ya watu wa nchi yetu. Kila moja lina ukoo wake mahali fulani. Amekuuliza swali la mtu mzima, mlee vizuri.

Mtoto wa Pasua

Nakazia hapo kwa mzee, na niongezee yale makaburi ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza hapa Moshi, yanayotunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Jeshi la upande wa Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, liliingia Moshi Machi 1916 baada ya mapigano ya Latema na Reata kule mpakani Taveta. Ukiona jiwe limechongwa kichwa cha swala, huyo alikuwa wa jeshi la Afrika Kusini. Vijana wa miaka 20, 22. Na msidhani wengi walikufa kwa risasi. Katika vita vile vya huku kwetu malaria na kuhara viliua kuliko bunduki.

Nikienda pale nawaza wapagazi. Jeshi lile halikuwa na barabara, mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani na mtu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Tume ile ilianzishwa mwaka 1917 ikiwa na msingi kwamba wafu wote ni sawa, tajiri na maskini, ofisa na askari. Lakini Waafrika wengi hawakupewa jiwe wala jina. Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Babu wa mama yangu alichukuliwa upagazi, hakurudi. Hatujui hata alifia upande gani wa nchi. Mimi nikiwapeleka wadogo zangu pale huwa nawaambia: someni majina haya kwa heshima, ni watoto wa watu. Halafu tunataja na la babu. Hakuna anayetuzuia kulitaja.

Ustaadh wa Bondeni

Allah amrehemu babu yako na wote waliokuwa naye.

Fundi Terazo

Salaam wakuu. Mimi kazi yangu ni kujengea makaburi, vigae, terazo, maandishi, kwa hiyo uzi huu ni wa kwangu. Naona watu wengi wenye mapenzi wakifika kwenye kaburi la zamani wanataka kulisafisha. Ni nia nzuri ila jiwe linakufa. Nisikilizeni.

Usitumie brashi ya waya. Usitumie Jik wala asidi ya kusafishia choo. Jiwe la zamani, hata likiwa la saruji, lina vitundu; dawa inaingia ndani, mvua ikija chumvi inasukuma ngozi ya juu inabanduka, na herufi zinaondoka nayo. Nimeshaitwa kwenye makaburi yaliyong'aa Krismasi, ilipofika masika hayasomeki. Tumia maji safi ya kutosha na brashi laini, anza chini kupanda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Ukiona jiwe linatoa unga ukiligusa, acha kabisa. Ukoga usioziba maandishi uache, haujakukosea. Wala msipitishe rangi nyeusi kwenye herufi za watu msiowajua. Hiyo ni kazi ya mwenye kaburi.

Kwa wanaotaka kusoma maandishi yaliyofifia: msipake chaki wala unga. Nendeni asubuhi mapema au jioni, jua likipiga kwa ubavu. Herufi ambayo saa sita mchana huioni kabisa, saa kumi na moja jioni inajitokeza yenyewe kwa kivuli chake. Penye miti mingi tumia tochi ya simu, ishike pembeni karibu na jiwe, iwe inamulika kwa mlalo, mwenzako apige picha kutoka mbele. Watoto wanaipenda sana kazi ya kushika tochi.

Mama Nai wa Usa

Fundi, hii ya tochi nimeijaribu jioni hii hii kwenye kaburi la babu mkwe hapa kihambani. Tulikuwa tunaona jina na mwaka tu. Nai kashika tochi pembeni, kaisogeza taratibu, ukatokea mstari mzima chini ya msalaba ambao hata baba mkwe alikuwa ameusahau: Zaburi 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima". Mzee kakaa kwenye kigoda pale pale, akatueleza ni baba yake aliyeuchagua mstari huo mwenyewe kabla hajafa, na nani aliuchonga, na kwamba fundi alilipwa kwa mbuzi. Hakuwahi kutuambia haya. Asante sana.

Fundi Terazo

Umenifurahisha dada. Andikeni hilo kwenye daftari leo leo, na jina la fundi aliyechonga mliweke.

Kibo Baridi

Nimefuatilia uzi wote toka juzi. Msimamo wangu kuhusu watoto wadogo haujabadilika, wa kwangu wa miaka mitatu haendi. Lakini huyu mkubwa yuko darasa la sita na alipoona nasoma akaja kusoma begani kwangu, sasa ananisumbua. Nauliza, kwa upande wa Moshi kwa Wakatoliki tuanzie wapi? Na je, 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, ni siku nzuri ya kwenda au kunakuwa na watu wengi?

Mama Nai wa Usa

Mkuu, 2 Novemba nenda naye parokiani kwenu kwenye misa na kubariki makaburi, hiyo ni ya kusali na ukoo. Kwa kusoma na kuuliza maswali chagua siku nyingine tulivu. Kwa Kilimanjaro anzeni Kilema. Ndiyo misheni ya kwanza ya Wakatoliki mlimani, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliifungua mwaka 1890, na huwezi kusimulia habari za kahawa ya Kichagga bila kuitaja Kilema. Pitieni ofisi ya parokia kwanza, mwombe katekista mzee awatembeze. Kisha siku nyingine Kibosho. Mwachie kijana daftari na kalamu, wewe bebea maji.

Uende naye peke yake mara ya kwanza. Atakuuliza mambo ambayo mbele ya wadogo zake hatauliza.

Kibo Baridi

Sawa dada. Shule zikifunga Desemba tunakwenda Kilema, mimi na yeye. Mdogo atabaki kwa bibi yake.